Mtaala na mwalimu katika shule za Karibi: mnyororo unakatikia wapi

Wakufunzi wenzangu, wakuza mitaala, walimu wa shule za mazoezi mliofika: shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi.

Nimeombwa kuzungumzia Karibi. Nitajibana kwenye nchi zilizotawaliwa na Mwingereza: Jamaika, Trinidad na Tobago, Barbados, visiwa vidogo vya mashariki kama St. Lucia, Grenada na Dominica, pamoja na Guyana, ambayo iko bara lakini kielimu ni ndugu wa visiwa hivyo. Kuba ina habari yake ndefu, leo haimo.

Kwa nini tuhangaike na Karibi? Kwa sababu walitoka mahali tulipotoka sisi, wakashika njia nyingine. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na baraza lake lenyewe, NECTA, likaundwa 1973. Katikati hapo, mwaka 1972, serikali 15 za Karibi zilikuwa zinaanzisha Baraza la Mitihani la Karibi, CXC, makao makuu Barbados. Sisi tulikuwa tunagawana vyombo, wao wanafunga ndoa, na wote tulikuwa tunaukimbia mtihani wa Cambridge. Mitihani yao ya kwanza ilifanyika 1979 kwa masomo matano: Kiingereza, Hisabati, Jiografia, Sayansi Unganishi na Historia ya Karibi. Hilo la mwisho lilikuwa na uzito wake kwa watoto ambao wazazi wao walikaririshwa wafalme wa Uingereza.

Kuungana kwao kulikuwa hesabu zaidi kuliko mapenzi. Montserrat leo ina watu kama 5,000. St. Kitts na Nevis, ambayo ni nchi kamili yenye bendera na waziri wa elimu, haifiki 60,000. Nchi ya namna hiyo itapata wapi watunzi wa maswali ya Fizikia, na wasahihishaji wasiomjua kila mtahiniwa kwa jina la baba yake? Kwa hiyo kila somo lina jopo lake: walimu wa sekondari na wahadhiri kutoka nchi mbalimbali. Jopo huandika muhtasari wa somo, rasimu huzungushwa wizarani na shuleni, kisha muhtasari hutoka ukiwa na maelezo ya mtihani ndani yake: karatasi zipi, uzito gani, vigezo gani vya alama. Kozi ya CSEC, cheti cha sekondari cha CXC ambacho kwetu ni kama kidato cha nne, ni ya miaka miwili, kwa hiyo muhtasari mpya unapaswa kuwa mkononi mwa mwalimu angalau miaka miwili kabla ya mtihani wake wa kwanza.

Sasa niseme ninachokiamini. Katika sekondari za Karibi, mwalimu amefundwa na muhtasari wa mtihani na chumba cha usahihishaji kuliko alivyofundwa na chuo cha ualimu. Nguvu ya mfumo wao imo humo, na ubovu wake pia.

Tuanze na chuo. Mico, mjini Kingston, kilianza 1836, na fedha zake zina historia ya ajabu. Zilikuwa wasia wa Bibi Jane Mico, aliyefariki 1670 akiacha pauni 1,000 za kuwakomboa Wakristo waliotekwa na maharamia wa Afrika Kaskazini. Fedha zikakaa zikizaa riba zaidi ya miaka 150, hadi zikaelekezwa kuwasomesha waliotoka utumwani Karibi. Mwaka 1885 kikaja Shortwood, cha wanawake. Lakini vyuo hivyo havikuweza kulisha kila shule, na mzigo mkubwa ulibebwa na mwalimu-mwanafunzi: kijana anayemaliza shule ya msingi, anabaki pale pale kufundisha, anasomeshwa na mwalimu mkuu jioni, anafanya mtihani wa ngazi kwa ngazi.

Mazoea hayo hayajafa, yamebadili nguo tu. Katika visiwa vya mashariki ni kawaida kijana kuajiriwa akiwa na vyeti vya mitihani pekee, afundishe kwanza, ndipo aende chuoni miaka miwili, kwa kawaida katika idara ya ualimu ya chuo cha kijamii cha kisiwa chake, na cheti chake kithibitishwe na bodi ya pamoja iliyo chini ya Chuo Kikuu cha West Indies. Trinidad ilihamishia mafunzo ya walimu wa msingi chuo kikuu mwaka 2006, kwa shahada ya miaka minne. Sekondari, mwenye shahada ya Kemia huingia darasani na Kemia yake, halafu baadaye, akipata nafasi, ndipo asome stashahada ya ualimu akiwa kazini. Miaka hiyo ya katikati anajifunza kwa nani? Anafungua muhtasari, anafungua maswali ya nyuma, anamuuliza jirani.

Na humo ndani ya muhtasari anakutana na kitu kinachoitwa SBA, tathmini inayofanyikia shuleni. Hapa nitakaa kidogo.

Masomo mengi ya CSEC yana SBA. Hisabati na Kiingereza zilikaa muda mrefu bila hiyo, zikaipata kuanzia mtihani wa 2018. Kwenye Hisabati, karatasi ya maswali 60 ya kuchagua ina asilimia 30, karatasi ya kujieleza asilimia 50, na mradi asilimia 20. Ripoti ya mradi haizidi maneno 1,000, ukiacha majedwali na michoro. Kwenye Kiingereza wanafunzi hufanya kazi kwa kikundi: mada moja, vipande vitatu vya maandishi au vyanzo vingine, tafakuri ya kila mmoja, ripoti ya pamoja, na maelezo ya mdomo. Mwalimu ndiye anayesimamia na ndiye anayetoa alama. CXC huchukua sampuli ya kazi tano kutoka kituo, kuanzia ya alama za juu hadi ya chini, na msimamizi wa nje huzisahihisha upya. Akiona mwalimu amegawa alama kama njugu, alama za kituo kizima hushushwa. Akiona amebana, hupandishwa.

Mnaona mtego ulipo. Mwalimu ambaye hakufundishwa kutumia vigezo hawaumizi watoto watano tu, anagusa darasa zima. Baya zaidi ni kwamba asipokuwa na msimamo, yaani huyu kampendelea na yule kambana, hakuna hesabu ya kushusha au kupandisha inayoweza kumsahihisha. Kosa la ulegevu linarekebishika. Kosa la kuyumba halirekebishiki.

Tutazame sayansi kwa karibu, stadi ya kupanga na kubuni jaribio. Mwanafunzi anapewa tatizo, anaandika dhana ya kujaribiwa, vigeu, vifaa na hatua. Tuseme tatizo ni hili: mvuvi anasema misumari ya mashua yake huota kutu mapema kuliko misumari ile ile kwenye kibanda chake mlimani. Dhana mbovu ni “chumvi ni mbaya kwa chuma”; huwezi kuipima. Dhana nzuri ni “misumari ya chuma iliyo kwenye maji ya chumvi itaota kutu haraka kuliko iliyo kwenye maji yasiyo na chumvi kwa muda ule ule”. Kinachobadilishwa ni chumvi. Vinavyodhibitiwa ni aina ya msumari, ujazo wa maji, joto na idadi ya siku.

Kinachopimwa ni nini? Hapo wengi huanguka. Mwanafunzi ataandika “nitapima uzito wa msumari”, na mwalimu asiyewahi kulifanya jaribio ataweka alama ya vema. Kwa wiki moja, badiliko la uzito ni dogo mno kwa mizani ya shule inayosoma gramu 0.1. Itasoma namba ile ile Jumatatu hadi Jumatatu. Heri apime kwa rula urefu wa sehemu iliyoshika kutu, kwa milimita, kwenye misumari mitatu ya kila kundi, achukue wastani. Hilo halimo kwenye kozi ya nadharia ya mtaala. Mkufunzi hulijua kwa kuloweka misumari.

Kosa la pili linatoka kwa mwalimu mwenyewe: anatoa jaribio lililomo kitabuni na kuliita la kubuni. Wanafunzi 30 wanaleta mpango mmoja, wenye kosa lile lile la tahajia. Anafanya hivyo kwa sababu ana masomo yenye SBA, ana madarasa mawili au matatu, na tarehe ya kuwasilisha alama inakuja. Muhtasari uliongeza kazi, ratiba ya shule haikuongeza kipindi. Kila mnapoandika tathmini ya shuleni kwenye mtaala, naomba mwandike pembeni yake dakika: kuongoza, kusoma rasimu, kutoa alama, kujaza fomu, mara idadi ya wanafunzi. Zikishinda vipindi vilivyopo, jueni mmeagiza udanganyifu.

Chumba cha usahihishaji. Kwa miongo kadhaa walimu kutoka nchi mbalimbali walikusanyika kila mwaka, wakakaa mezani na kiongozi wa meza, wakajadili mwongozo kabla ya kugusa karatasi. Mwalimu wa Dominica alisikia kwa nini jibu analolikubali yeye linakataliwa na wenzake. Alirudi kwake akiwa mwalimu mwingine. Siku hizi kazi kubwa hufanyika kwa kompyuta, kila mtu kwake. Ni nafuu, ni haraka, na karatasi hazipotei njiani. Lakini kwa maoni yangu eneo lile lilipoteza kozi yake bora ya mafunzo kazini, na sijaona kilichowekwa mahali pake chenye uzito sawa.

Shule ya msingi nitaipitia upesi. Jamaika ilianza kutumia mtaala mpya Septemba 2016, ukijengwa juu ya hatua tano za somo: kuvutia, kuchunguza, kueleza, kupanua, kutathmini. Mtihani mpya wa kumaliza darasa la sita, PEP, ukachukua nafasi ya ule wa zamani mwaka 2019, ukiwa na sehemu tatu: kazi ya utendaji, kipimo cha uwezo na mtihani wa mtaala. Watoto wa kwanza kuufanya walikuwa darasa la nne mtaala ulipoanza. Miaka mitatu, basi. Hatua tano zikaingia kwenye andalio la somo kama vichwa vitano vya kujaza. Ukiona andalio ambalo “kuchunguza” ni kusoma ukurasa wa kitabu, mwalimu huyo alipewa fomu, hakupewa mafunzo.

Lugha. Mtoto wa Jamaika anakuja shule na Patwa, lugha ya nyumbani yenye msamiati wa Kiingereza, wa St. Lucia pengine na Kweyol yenye msamiati wa Kifaransa. Huyu wa Kweyol anajua kwamba Kiingereza ni lugha nyingine, kama mtoto wa Sumbawanga anavyojua. Wa Patwa anadhani anakijua tayari. Akisema “mi go a maakit yeside” (nilikwenda sokoni jana), maneno yanafanana na ya mwalimu, sarufi ni yake. Dennis Craig, mwanaisimu wa Guyana, aliligawa tatizo hili kwa namna ambayo chuo chochote kinaweza kuitumia: maumbo ambayo mtoto huyatumia bila shida, anayoyatumia akijichunga tu, anayoyaelewa akisikia lakini hayatamki, na asiyoyajua kabisa. Mwalimu asiyefundwa hutumia kipindi kwenye kundi la kwanza, maana darasa linaitikia kwa sauti na inapendeza. Kundi la tatu ndilo gumu, kwa kuwa mtoto akilisikia huliona la kawaida, halimshtui kwamba yeye hasemi hivyo. Kundi hilo linataka mazungumzo yaliyopangwa yamlazimishe kulitamka, mara nyingi, kabla ya kuliandika. Jamaika ilijaribu kufundisha shule chache za msingi kwa lugha zote mbili kati ya 2004 na 2008. Haikuenezwa nchi nzima. Haiti, iliyotawaliwa na Mfaransa, ilithubutu mapema zaidi, kuingiza Krioli, lugha ya nyumbani, katika miaka ya mwanzo ya shule tangu mageuzi ya mwishoni mwa miaka ya 1970, na hadi leo walimu wengi huona Kifaransa ndicho elimu.

Halafu mkishamfunda mwalimu, anaondoka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 New York na London ziliajiri walimu wa Karibi kwa wingi, hadi mawaziri wa Jumuiya ya Madola wakapitisha mwaka 2004 itifaki ya namna ya kuajiri walimu wa nchi nyingine. Itifaki haizuii mtu kupanda ndege. Ndiyo maana naona mafunzo yanayomkalia mwalimu mmoja mmoja ni hasara, kuliko yanayokaa katika idara ya somo shuleni, ambapo akiondoka mmoja utaratibu unabaki.

Utaratibu huo tuufanye sasa hivi. Kwenye kila meza kuna ripoti tano za mradi wa Hisabati nilizozitunga, zimefutwa majina, pamoja na vigezo vya alama 20. Kila mtu asahihishe peke yake, bila kuandika chochote kwenye ripoti; alama ziende kwenye fomu ya njano, kigezo kwa kigezo. Dakika 40. Kisha kiongozi wa meza asome alama zote kwa sauti. Palipo na tofauti ya zaidi ya 2 kwenye ripoti moja, msitafute wastani. Tafuteni kigezo kilichowatenganisha, na kila upande uoneshe mstari wa ripoti aliousoma. Ripoti ya tatu ina grafu isiyo na jina la mhimili wa wima. Anzeni kubishania hiyo.