Nati ya moto, maji ya baridi, tupige hesabu

Haya jamani sogeeni mbele, huko nyuma hamtaona kipimajoto. Hii hapa ni nati ya lori, chuma, gramu 200, imechemka kwenye sufuria dakika 10 kwahiyo iko nyuzi 100. Kwenye kikombe kuna maji gramu 200, nyuzi 25. Nikiitumbukiza maji yatafika ngapi? Nasikia 62 na nusu, yaani mmekata katikati kwa sababu uzito ni sawa.

Sio 62. Tunachanganya joto na nyuzi joto alafu hesabu inatukataa. Kilo ya maji ili ipande nyuzi 1 tu inataka jouli 4200 (jouli ni kipimo cha joto), kilo ya chuma inataka kama 450, ndo hiyo inaitwa joto mahususi, na mwanasayansi Joseph Black kule Scotland alishaliona hili miaka ya 1760 akitazama zebaki na maji vinavyogawana joto. Maji yanakunywa joto jingi bila kuonyesha.

Andikeni, joto lililotoka kwenye nati ndo lililoingia kwenye maji, na T ni nyuzi ambazo vyote viwili vitaishia:

0.2 × 450 × (100 − T) = 0.2 × 4200 × (T − 25)
90(100 − T) = 840(T − 25)

T inakuja 32 na kidogo. Nati imeshuka nyuzi 68, maji yamepanda 7 tu!

Sasa angalieni mkono wangu, naitoa, naipangusa na kitambaa fasta, ndani. Mbona naipangusa? Kwa sababu gramu 5 tu za maji ya moto zikining'inia kwenye nati zinabeba karibu robo ya joto la nati nzima, hapo ndo watu wengi wanapoharibu jaribio wakadhani fomula ni mbovu. Na yule mfua chuma anayezamisha chuma chekundu kwenye ndoo, ile tssss mnayoisikia ni maji yanageuka mvuke, kila gramu inaondoka na jouli 2260 hivi, kwahiyo kwake mstari wetu huu mmoja hautoshi, lazima uongeze na mvuke.

Koroga taratibu... soma wewe uliye karibu. 31 na nusu? Safi sana, hiyo iliyopungua imeingia kwenye kikombe na hewani. Haya nipeni kile kipande cha aluminiamu, gramu 200 vilevile, joto lake mahususi ni 900, nani ananiambia T kabla sijakitumbukiza?