Afisa Mauzo wa Kamisheni: Mwajiriwa au Wakala?

REHEMA: Karibu tena, msikilizaji. Leo tunalijadili swali linalowasumbua wahasibu wengi hapa Tanzania: je, anayekuuzia bidhaa kwa kamisheni tupu akatwe kodi kama mwajiriwa, au azuiliwe kodi ya asilimia 5 ya ada ya huduma kama wakala? Kaka Elias, wengi huamini kwamba pasipo mshahara hapana ajira.

ELIAS: Imani hiyo haina mashiko, dada. Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, inapoeleza mapato ya ajira huitaja kamisheni pamoja na mshahara na bonasi. Namna ya kulipa peke yake haimtoi mtu katika ajira. Kinachotazamwa ni nani anaamua kazi ifanyike vipi, nani anabeba hasara, na iwapo muuzaji ana biashara yake au anaendesha ya mwenzake.

REHEMA: Lakini mkataba wake unasema wazi kwamba yeye ni wakala huru.

ELIAS: Mkataba unaweza kusema lolote. Mtazame muuzaji anayeripoti ofisini saa mbili asubuhi, aliyepangiwa mitaa ya Temeke, anayetumia pikipiki ya kampuni na aliyekatazwa kuuza bidhaa za mshindani. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 humchukulia mtu kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba umeandikwaje, mpaka ithibitishwe vinginevyo, endapo kipo hata kigezo kimoja kati ya vilivyotajwa, kama vile kudhibitiwa saa za kazi, kupewa vitendea kazi au kumtegemea kiuchumi anayemlipa. Kifungu hicho ni cha sheria za kazi, hakiamui suala la kodi. Hata hivyo, sioni mwajiri atakayemweleza mkaguzi wa TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, habari tofauti na ile iliyothibitishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi.

REHEMA: Tufanye hesabu, basi.

ELIAS: Tuseme kamisheni ya mwezi ni shilingi 900,000. Akiwa wakala, kampuni inazuia 45,000 na kumpa hati ya kodi iliyozuiwa, naye huitumia kupunguza kodi ya biashara yake. Akiwa mwajiriwa, tukichukua mgawanyo wa kawaida wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, unaondoa kwanza mchango wake wa 90,000, kisha 810,000 inayobaki inatozwa PAYE, yaani kodi ya mapato ya ajira inayokatwa na mwajiri, ya 80,500. Kampuni nayo huchangia NSSF asilimia 10, na ikiwa na waajiriwa 10 au zaidi hulipa pia tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Kishawishi cha kumwita muuzaji wakala kiko hapo hasa, kwenye gharama ya mwajiri.

REHEMA: Na ikigundulika baadaye kwamba alikuwa mwajiriwa?

ELIAS: Aliyepaswa kukata kodi asiikate huilipa mwenyewe, pamoja na riba. Anayo haki ya kumdai muuzaji, ila mara nyingi huyo keshahamia kwingine.

REHEMA: Wakala wa kweli, basi, ni yupi?

ELIAS: Ni yule mwenye duka au ofisi yake, anayeuza pia bidhaa za kampuni nyingine, anayelipa mwenyewe mafuta na wasaidizi, na anayeweza kumaliza mwezi amepata hasara. Huyo mzuilie asilimia 5 bila wasiwasi. Ila anayelipwa mshahara mdogo na kamisheni juu yake, usimgawe nusu mwajiriwa, nusu wakala: vyote vijumlishwe katika mwezi husika na vikatwe PAYE.