Kulia na kushoto katika majina ya dawa

Ndugu wanafunzi wa famasia, na wakubwa mliokuja kutusikiliza hapa Bukavu, karibuni. Tuanze na dawa ya kikohozi. Ukisoma lebo za chupa, utaikuta mara nyingi dekstrometorfani. Hiyo dekstro ni Kilatini: dexter ni kulia, na laevus, iliyotupa levo, ni kushoto. Chuja mwanga utikisike katika bapa moja tu, kisha uupitishe kwenye mmumunyo wa dawa hii. Bapa litageuka kulia, jinsi mshale wa saa unavyokwenda, kwa anayetazama mwanga ukimjia.

Pacha yake, levometorfani, ina atomi zilezile, ila umbo limegeuzwa kama mkono wa kushoto kwa wa kulia. Hiyo ni ya ukoo wa mofini, na mikataba ya kimataifa inaidhibiti. Kwa hiyo mfamasia asizipuuze herufi chache za mwanzo.

Sasa hapa ndipo mtihani unapowanasa. Glukozi huandikwa D kubwa na hugeuza mwanga kulia, nyuzi karibu 53 kwa kipimo sanifu. Ndiyo dekstrozi mnayoiona kwenye serumu, yaani dripu. Fruktozi nayo ni D, lakini inageuza kushoto, nyuzi karibu 92! Zamani iliitwa levulozi. D kubwa inaeleza umbo, likilinganishwa na gliseraldehidi, sukari ndogo iliyochaguliwa kuwa kigezo; mwanga una alama zake, + kwa kulia na − kwa kushoto. Huwezi kulitazama umbo ukabashiri mwanga utaelekea wapi kwa herufi hiyo. Unapima. Atakayeniandikia "D maana yake dekstro" asije kuomba alama.

Na kinini, dawa ya malaria inayotoka kwenye magome ya kinkina, miti inayolimwa hapa Kivu? Inageuza kushoto. Kinidini, ya magome hayohayo, inageuza kulia, na imetumika kutuliza mapigo ya moyo yaliyovurugika. Ila msiiite dekstrokinini: sehemu nyingine za molekuli hazikugeuzwa, kwa hiyo hizi mbili si taswira za kioo.

Polarimeta, kifaa cha kupimia mgeuko huu wa mwanga, ile pale. Bomba la kwanza lina sukari ya miwa, inayogeuza kulia, nyuzi 66.5 kwa kipimo sanifu. La pili ni sukari hiyohiyo iliyopashwa moto na asidi kidogo, ikavunjika kuwa glukozi na fruktozi nusu kwa nusu. Sogeeni wawili wawili, na kabla ya kutazama kila mmoja aandike: kulia au kushoto?