Msalaba huu ulikuwa mkononi mwa nani?

MADO: Jambo yenu wote, tuko Lubumbashi. Leo mezani kuna kitu kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Kabwe, kifungue.

KABWE: Ni msalaba wa shaba, yaya. Mdogo, unaenea kiganjani. Kutu ya kijani imeuvaa wote, na kwenye kona bado kuna udongo mwekundu.

MADO: Msidhani ni wa kanisani. Wazee wetu, wale walya mukuba, yaani wala shaba, walimimina shaba kwa umbo hili karne nyingi kabla mmisionari hajafika.

KABWE: Binamu yangu aliupata shambani, upande wa Likasi, kwa mashine ya kutafutia vyuma aliyoazima. Akanipigia usiku, furaha tupu. Nikamuuliza: ulikuwa kina gani? Ulilalaje? Kando yake kulikuwa na nini, chungu, mfupa? Akasema, "Kaka, ulikuwa shimoni." Basi. Moyo uliniuma.

MADO: Ila mtu atakuuliza, si msalaba upo?

KABWE: Upo, lakini umekuwa bubu. Tazama Sanga, kando ya ziwa Kisale. Mtafiti wa mambo ya kale, Jacques Nenquin, alichimba makaburi pale mwaka 1957, wengine wakafuata, na miaka ya 1970 akaja Pierre de Maret. Waliandika kila kitu kilipolala. Kwenye makaburi ya mwanzo yenye misalaba, ni mikubwa, michache, na huonekana kifuani. Baadaye inakuwa midogo, mingi, inalingana ukubwa, nayo inakutwa mikononi au kiunoni. Kitu cha heshima kimegeuka pesa! Na tumelijua hilo kwa sababu kuna aliyechora mkono ulipokuwa.

MADO: Pesa iliyoshikwa mpaka kaburini... Ndiyo maana Katanga, ilipojitenga na Kongo, iliutia kwenye sarafu zake za 1961, na mitatu kwenye bendera yake.

KABWE: Mimi mashine siichukii. Koili, ule mviringo wa waya, inatuma nguvu ya sumaku ardhini, chuma chochote, hata shaba, kinajibu, unasikia mlio. Udongo wetu mwekundu nao unaitikia, maana umejaa madini ya chuma, kwa hiyo usipoipanga mashine kwanza iuzoee udongo huo, utafukua siku nzima bure.

MADO: Marekani waliitumia kwa akili. Little Bighorn, uwanja wa vita vya 1876: moto uliunguza nyasi mwaka 1983, na mwaka uliofuata wanaakiolojia wakapita pale na watu wa kujitolea, wamejipanga mstari, mashine mkononi. Penye mlio, kibendera. Risasi haikuondolewa mpaka mahali pake papimwe. Halafu kwa alama ambazo pini ya bunduki huacha kwenye maganda ya risasi, wakafuata bunduki moja moja, wakaona ilivyohama uwanjani.

KABWE: Bunduki moja moja, yaya! Binamu yangu angeweka kijiti tu pale penye mlio, akaita watu.

MADO: Na kwetu kuchimba vitu vya kale kunataka ruhusa ya serikali. Sasa shimo lenyewe?

KABWE: Hajalifukia, namshukuru Mungu. Nimemwomba asiguse tena. Jumamosi tunakwenda na mtu anayeijua kazi hii, na kamba, na mita ya kupimia. Ule udongo alioutoa ameurundika chini ya mwembe. Asubuhi ameniambia ameona vigae vya chungu ndani yake.