Nani Alimfungulia Mwandishi Mlango? Kuisoma Kiribati kwa Macho ya Wasafiri

Mabibi na mabwana, habari za jioni.

Nchi ninayotaka tuizungumzie leo wengi wetu hatutaifikia. Kiribati ni visiwa 33 katikati ya Pasifiki. Ukiviunganisha vyote hupati nchi kavu ya kutosha kulijaza eneo la Pemba, ilhali bahari yake ni zaidi ya mara tatu ya Tanzania nzima. Kwa hiyo tunaijua kwa kusimuliwa. Nami nina swali moja ninalomuuliza kila mwandishi wa safari: nani alikupa ruhusa ya kuingia, na ulipangiwa kukaa wapi?

Mwaka 1889 Robert Louis Stevenson, yule mwandishi wa Uskoti, alishuka Abemama kutoka merikebu iitwayo Equator. Kisiwa kilikuwa mkononi mwa mfalme Tembinok', na Mzungu hakukaa pale ila kwa idhini yake. Mfalme alimtazama mgeni usoni kwa makini, akaondoka kwenda kufikiri, ndipo akakubali. Zikaja nyumba zimebebwa na watu, zikatuliwa, kambi ikawa tayari. Kisha mfalme akaizungushia kambi ile mwiko, raia wake wasivuke.

Naomba tusipite hapo haraka. Stevenson anatueleza kwa ufundi mkubwa maghala ya mfalme yaliyojaa saa, miavuli na cherehani. Lakini mvuvi na mkulima wa Abemama wanapita kwa mbali. Mpaka ule ulikuwa wa mfalme, na kwa maoni yangu umeingia hadi ndani ya kitabu chake cha safari hiyo. Mwenyeji ndiye aliyeamua nini kionekane.

Mnaotoka Pwani mna faida hapa. Watu wa Kiribati wanagema. Mgema anapanda mnazi asubuhi na jioni, analifunga kole changa, yaani kikonyo cha maua ya mnazi, analikata ncha kidogo kidogo, na utomvu unadondokea chomboni. Huko juu huimba. Utomvu ule hunywewa ukiwa mtamu, hata na watoto. Mwingine huchemshwa ukawa asali nzito, mwingine huachwa ukachachuka. Msafiri asiyejua kugema ataandika juu ya ulevi tu. Ninyi mtauliza: mnazi huu ni wa nani, na nyumba ile inakula nini?

Kuna pia bwabwai, jamii ya magimbi makubwa. Visiwa hivi karibu vyote ni atoli, yaani mchanga na matumbawe, hakuna mto. Watu huchimba shimo mpaka wafikie maji baridi yaliyokaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi, wakapanda humo na kulilisha shina kwa majani yaliyooza. Bahari ikifurika ikaingia shimoni, kazi ya miaka imeharibika. Hatari ya tabianchi, basi, ni ya kweli kabisa. Linaloniudhi ni wageni wanaofika Tarawa, atoli yenye mji mkuu, kuandika tanzia ya watu walio hai, wakakipita kilimo hiki bila kuuliza hata jina la mmea.

Na kuna kisiwa ambacho wasafiri wengi hawakigusi: Banaba. Fosfati yake ilichimbwa kuanzia 1900 hadi 1979, ikaenda kurutubisha mashamba ya Australia na New Zealand. Desemba 1945 Wabanaba walihamishiwa kisiwa cha Rabi, huko Fiji. Mwanazuoni Katerina Teaiwa, mwenye asili ya Banaba, ameifuata safari ya udongo huo, na kwangu hiyo ni safari kubwa kuliko ya Stevenson, kwa kuwa anayeiandika hakuhitaji kufunguliwa mlango. Wabanaba wa Rabi wana mwakilishi katika Bunge la Kiribati mpaka leo, ingawa wanaishi Fiji. Anayetaka kuisoma nchi hii na aanze na wao, kisha ndipo arudi Abemama ya 1889.

Ahsanteni. Karibuni kwa maswali.