Kufunga draya ya hewa kwenye kompresa ya gereji

Haya wadau, leo tunafunga draya ya hewa, mashine ya kukausha hewa ya kompresa, hii inayopoza kwa gesi kama friji, kwenye gereji ya kupiga rangi hapa Dar, maana kwa joto na unyevu wa huku maji yanapita mpaka kwenye bunduki ya rangi, gari linaota malengelenge na mteja anarudi na maneno.

Kama draya imesafirishwa imelala usiiwashe, isimamishe uiache mpaka kesho oili ishuke.

Mpangilio ni kompresa, tenki, filta, draya, halafu filta laini. Tenki likae mbele hewa ipoe kwanza, mimi siipendi kabisa ile ya kuchomeka draya moja kwa moja kwenye mdomo wa kompresa, hewa ya moto inailemea. Na msome kile kibati cha draya, uwezo ulioandikwa mara nyingi umepimwa hewa ikiingia na nyuzi 35, chumba nyuzi 25, presha baa 7. Sasa chumba cha nyuzi 25 mchana wa Januari Dar utakipata wapi? Chukua saizi ya juu yake. Acha kama nusu mita kila upande feni ipumue.

Zima kompresa, toa hewa yote, geji isome sifuri, ndo ushike spana. Weka valvu tatu, ya kuingilia, ya kutokea na ya njia ya pembeni, ili siku draya ikiharibika kazi isisimame. Ukizungusha tredi tepu, ule utepe wa kuziba nyuzi za maungio, uache uzi wa kwanza wazi, vipande visiingie ndani. Tumia hosi laini kwenye maungio, mtikiso wa kompresa unapasua bomba. Mpira wa kutolea maji uelekee chini mpaka kwenye ndoo, usiumwagie mtaroni, yale maji yana oili.

Washa draya peke yake, hewa bado imefungwa, subiri dakika kama 10 mpaka geji ya joto ya draya ifike karibu nyuzi 3. Fungua ya kuingilia taratibuuu, kisha ya kutokea, halafu funga ya pembeni, ukiisahau wazi hewa mbichi, yenye maji yake, inapita humo humo. Paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama panavuja. Umeme ukikatika ukarudi, kaa dakika 5 ndo uwashe.

Kompresa ikipiga kazi kutwa na ndoo ikabaki kavu, draini, ile njia ya kutolea maji, imeziba, toa presha, fungua kile kichujio chake kidogo ukisafishe.