Jembe la Mgeni wa Coyoacán

Mabibi na mabwana, ndugu zangu wachoraji, waandishi na wapiga muziki wa Nsambya na Katwe, habari za jioni. Nimeombwa nizungumze juu ya wasanii na wakimbizi, na nikiangalia humu ndani sioni mpaka kati ya hao wawili. Kuna waliovuka kutoka Kongo pale Bunagana au Mpondwe na brashi ndani ya begi, na wengine na nyimbo kichwani tu. Jioni ya leo nitawapeleka mbali, hadi Meksiko.

Januari 9, 1937, meli ya mafuta ya Kinorwe iitwayo Ruth ilitia nanga katika bandari ya Tampico. Ilikuwa na abiria wawili, Leon Trotsky na mkewe Natalia Sedova. Mtu aliyeliunda Jeshi Jekundu, jeshi la mapinduzi ya Urusi, na kuliongoza vitani sasa hakuwa na nchi. Stalin, mtawala wa Urusi ya Kisovieti, alimfukuza mwaka 1929. Akaishi kisiwani Uturuki, akaenda Ufaransa, akaenda Norwe, na kote huko alihesabiwa siku. Natalia alikataa kushuka melini mpaka aone uso wa rafiki. Uso uliokuja kuwapokea ulikuwa wa mchoraji, Frida Kahlo, kwa sababu mumewe, Diego Rivera, alikuwa mgonjwa.

Rivera ndiye aliyekwenda kwa Rais Lázaro Cárdenas kumwombea Trotsky hifadhi. Hakuwa waziri wala balozi; kazi yake ilikuwa kuchora kwenye kuta za majengo ya umma. Huko New York alikuwa amechora uso wa Lenin, kiongozi wa mapinduzi ya Urusi, kwenye ukuta wa tajiri, akaambiwa aufute, akakataa, na ukuta ukabomolewa mwaka 1934. Aliporudi Mexico City aliichora picha ile upya, na safari hii akamtia Trotsky mwenyewe ndani yake. Kwa hiyo alimkaribisha ukutani kwanza, nyumbani baadaye.

Na nyumba ilikuwa ya kina Frida, Nyumba ya Buluu ya Coyoacán, mtaa wa Mexico City, iliyojengwa na baba yake, mpigapicha. Wageni hawakulipa kodi. Madirisha ya upande wa barabara yalizibwa kwa matofali, na Rivera akanunua kiwanja cha jirani ili adui asipate pa kujificha. Yeyote aliyewahi kutafuta chumba Kampala akiwa na karatasi za ukimbizi anajua uzito wa jambo hilo: mwenyeji kukubali nyumba yake iingie giza kwa ajili yako. Aprili ya mwaka huo chumba kimoja kikageuzwa mahakama, na tume iliyoongozwa na mwanafalsafa Mmarekani John Dewey ikamsikiliza Trotsky akijibu mashtaka ya kesi za Moscow, ambako Stalin aliwashtaki wanamapinduzi wenzake wa zamani kwa usaliti. Na hapa kwetu, mwaka huohuo 1937, Margaret Trowell alianza kufundisha uchoraji barazani kwake, Mulago, na ndipo ilipochipuka shule ya sanaa ya Makerere. Napenda kuziweka nyumba hizo mbili pamoja akilini.

Watu hupenda kusimulia mapenzi ya siri ya Trotsky na Frida. Yalikuwapo, yalikwisha baada ya muda mfupi, na yalimuumiza Natalia. Nayaacha hapo.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe la Trotsky lilikuwa kalamu. Mwaka 1938 alikuja mshairi wa Kifaransa André Breton, kiongozi wa wasanii wa usurrealisti, sanaa inayochota kwenye ndoto, wakakubaliana waandike ilani juu ya uhuru wa sanaa. Breton alikwama. Alimstahi mzee yule mno, hata maneno yakamkauka, na kila walipokutana Trotsky alimdai kurasa. Mwisho zilipopatikana, Trotsky alizikata, akaongeza maneno yake hapa na pale, akazibandika zikawa karatasi moja ndefu ya kukunja kama mkeka.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana ndilo lililonileta. Katika rasimu yake Breton aliandika kwamba sanaa iwe na uhuru wote, isipokuwa dhidi ya mapinduzi ya wafanyakazi. Trotsky ndiye aliyeufuta mwisho wa sentensi hiyo. Mshairi aliweka kizuizi, na jemadari akakiondoa.

Jemadari huyo ndiye aliyewapiga mabaharia walioasi wa Kronstadt, ngome ya Urusi, mwaka 1921, na mwaka huohuo wa 1938 bado alikuwa akikitetea kitendo kile. Siwezi kuwaambia kwamba alitubu. Ninaloamini ni kwamba aliyekwisha kuona serikali inavyolitumia neno "isipokuwa", kwanza akiwa mtumiaji kisha akiwa windo, aliogopa kuliacha karatasini. Sisi pia tunalijua neno hilo. Rajat Neogy alianzisha jarida la Transition hapa Kampala mwaka 1961, kukiwa na uhuru wa kusema, isipokuwa. Mwaka 1968 aliwekwa kizuizini. Byron Kawadwa aliongoza maigizo pale National Theatre, akauawa mwaka 1977 wakati wa Amin.

Ilani ilitoka na sahihi za Breton na Rivera. Trotsky hakutia yake.

Urafiki haukudumu. Mwanzoni mwa 1939 Rivera na Trotsky walikosana juu ya siasa, na mgeni akahamia nyumba nyingine mtaa wa Viena, si mbali na pale. Usiku wa kuamkia Mei 24, 1940, watu waliovaa sare waliingia wakimimina risasi zaidi ya 200. Trotsky na Natalia walijibana chini kando ya kitanda. Mjukuu wa Trotsky mwenye miaka 14 alijeruhiwa mguuni. Kiongozi wa washambuliaji alikuwa mchoraji pia, David Alfaro Siqueiros, gwiji wa kuta kama Rivera, mfuasi wa Stalin. Jambo hilo hunikosesha usingizi kuliko shoka la Ramón Mercader, wakala wa Stalin, lililomuua Trotsky Agosti ile. Mkono uliozoea brashi ulimfungulia mlango, na mkono mwingine uliozoea brashi ulimjia na bunduki. Frida mwenyewe, mwaka 1954 alipofariki, aliacha picha ya Stalin ambayo hakuimaliza.

Hapo ukutani, karibu na mlango, nimebandika nakala ya picha ambayo Frida alimpa Trotsky siku yake ya kuzaliwa, Novemba 7, 1937. Amesimama kati ya mapazia mawili, ana shada la maua na barua isemayo kwamba anamtunuku picha hii kwa upendo wote. Trotsky alipohama, picha hiyo aliiacha nyuma. Nendeni mkaiangalie kwa karibu, hasa mikono, kisha turudi tukae tuulizane.